Kwa Kilo

Shimanzi, karakana ya Mbodze, mtu amesimama:
mbavu za nondo, shingo springi ya lori,
nywele minyororo ya baiskeli,
kifuani gurudumu la cherehani.

Wageni wakamzunguka, wakataka maana.
"Ukoloni," mmoja akanena.
Mwenzake: "La, bahari iliyosongwa na plastiki."
Mbodze akapangusa miwani ya kuchomelea, kimya.

Ndipo akaingia Bi Rukiya, mfuko wa mbaazi kwapani,
akalizungusha lile gurudumu kwa kidole.
Likalia krr, likakwama.

"Palepale," akasema. "Lilikuwa likikwama palepale.
Cherehani niliiuza kwa kilo
mwaka wa karo ya Shekue."

Hakulidai.
Alisimama tu,
mguu wake wa kulia
ukikanyaga, ukikanyaga
pedali isiyokuwepo.