Upande wa Pili

Albamu ya kwanza ya Genge la Vumbi
ilirekodiwa katika saluni yangu, Kivumbini,
mteja wa mwisho akishaondoka,
mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao
na Nakuru nzima iliijua saa ya giza
kama ijuavyo saa ya uji.

Blanketi nne tuligongomea ukutani kumeza mwangwi.
Maikrofoni tuliazima kanisani Rhonda,
tukasema ni ya matanga.
Mdogo wangu Mbugua aliingiza kichwa ndani ya drai,
akadai humo sauti inakuwa nzito,
akatoka akiitwa Bunduki Baridi.
Odindo akawa Sajini Giza.
Simiyu, anayezunguka mtaa mzima
kumkwepa mbwa wa Mama Chepkirui,
akawa Mzishi.

Upande wa kwanza: rapu tano, maiti kumi na moja.
Niliwahesabu nikifagia nywele.
Mbugua ameua watatu kabla ya kiitikio,
kwa mkono uleule niliomtoa mwiba juzi, analia.
Ana gari jeusi lisilo na namba;
nauli yake ya kibarua natoa mimi.
Ana wanawake saba kule Milimani;
soksi zake, nani anazifua?

Nilicheka nikawaharibia ubeti.
Ukisikiliza vizuri kicheko bado kimo,
pale Sajini anapohesabu risasi.
Vijana wa Bondeni walidhani
ni mwanamke amelipwa kutisha watu.

Umeme ukakatika saa saba kasoro.
Wakaunga kinasa na betri ya trekta.
Mdundo haukuwepo tena,
kwa hiyo Simiyu akainamia beseni la kuoshea nywele,
akaligonga kwa vidole, taratibu,
akaanza kumtaja Makokha.

Makokha wa mayai ya kuchemsha, nje ya kiwanda cha pareto,
kachumbari ndani ya kopo la rangi.
Aliyeokotwa asubuhi kando ya reli,
mayai yote kwenye ndoo, hakuna hata moja lililopasuka,
na karatasi ikaandikwa: jambazi sugu.

Simiyu hakusema ni nani. Hakumtisha mtu.
Alitaja bei ya yai.
Alitaja chumvi iliyofungwa kwenye gazeti,
kiatu cha kushoto, na cha kulia ambacho hakikuonekana.
Dakika nne hivi.
Odindo alisahau kuzima kinasa, kwa hiyo mwishoni
utasikia mtu akivuta kamasi, halafu jogoo.

Tulitoa kopi mia mbili.
Kwenye jalada wamesimama mbele ya ukuta wa posho mili,
wamekunja uso, wamenyoosha silaha:
vile ni vitana vyangu vya moto.

Ijumaa wakaja wawili wenye makoti
na kanda waliyoinunua wenyewe.
Wakaipiga kwenye redio yangu, wanaandika.
"Hawa kumi na mmoja, mmewazika wapi?"
Nikaapa. Uongo, afande, wote uongo.
Nikawaonyesha vitana. Nikasimulia mwiba,
nikasimulia mbwa.
Mkubwa alicheka hadi akafuta macho.

Mdogo hakucheka.
Aligeuza kanda.

Beseni. Vidole. Bei ya yai.
Mteja wangu alikuwa chini ya drai, hasikii kitu,
anafunua gazeti.

"Na huu? Huu nao ni uongo?"

Nikamtazama Mbugua, miaka kumi na tisa,
shingo nyembamba kama ya kuku wa kuuzwa.
Nikasema, ndiyo, afande.
Huo nao.

Simiyu alikuwa nyuma ya pazia, anasuza taulo.
Maji yaliacha kulia, kisha yakaendelea.
Hajawahi kunilaumu.
Hajawahi kurekodi tena.

Kanda imebaki moja. Watoto wa Mbugua wakija
nawapigia upande wa kwanza, tunacheka,
baba yao anajificha jikoni kwa aibu.
Wakiuliza kuna nini upande wa pili
nawaambia utepe umekwama.

Yai siku hizi ni shilingi thelathini.
Chumvi bado ni bure, bado kwenye gazeti.