Bawa la Vitz

Shaame wa Machomanne kaipandikiza Vitz bawa
la bati, kazi ya fundi masufuria,
rangi ya chungwa lililowiva upande.
Ubavuni namba saba, na mistari miwili
iliyopinda penye kitasa
kwa kuwa gundi ilimuwahi kukauka.

Injini ni ile ile: lita moja na kikohozi cha alfajiri.
Jana tuta la skuli liliikwaruza tumbo,
mbuzi wakaipita, wala hawakugeuka.

Leo naiona uani kwao, kimya.
Mamake kaanika karafuu juu ya boneti,
na bawani kanga mbili, zimebanwa vibanio,
zinapepea kwa kasi
ambayo gari yenyewe haijapata kuionja.

"Ziache," kaniambia Shaame,
"zinalizoesha upepo."