Masahihisho

Jarida letu la redio za ridhaa hutoka mara nne kwa mwaka,
kurasa arobaini, wanachama mia sita na ushei,
na kila toleo wanapungua.
Mimi ndiye mhariri, mpiga chapa na mlamba stempu,
chumba cha nyuma, duka la baiskeli, Tampere.

Ukurasa wa mwisho ni wa marehemu.
Hatusemi wamekufa.
Twasema: ufunguo umenyamaza.
Jina, mji, na ile alama ya wito
aliyojulikana kwayo miaka yote,
maana hewani hakuna aijuaye sura yako.

Toleo la baridi nilimwandika Aulis Kemppainen, wa Kemijärvi.
Herufi ya mwisho ikaenda kombo:
penye K nikapiga R.

Barua ikaja, kwa kalamu ya risasi:
"Mimi ni Hilkka, mkewe. Mitambo yenu siijui.
Ila miaka thelathini na minane nimemenya viazi
upande wa pili wa ukuta wake,
na kila usiku akijitaja alimalizia
taa-ti-taa.
Nimetazama jedwali lenu. Mlichoandika ninyi ni
ti-taa-ti.
Mmemgeuza nje ndani, kama soksi.
Huyo simjui."

Nilicheka. Kisha nikaacha.
Maana R kwetu, ikisimama peke yake,
ni: nimepokea. Basi, yameisha.
Na K ni: nimenena yangu, sema wewe.
Zamu yako.

Nikamwomba radhi, nikamweleza herufi hizo mbili,
nikaongeza kwamba ada ya Aulis imelipwa hadi Juni,
jarida litazidi kuja,
asipolitaka awashie jiko.

Kimya. Theluji ikayeyuka,
Aprili ikaanguka tena kwa ukaidi wake.
Mei, fomu ya uanachama ikarudi,
noti zimekunjwa ndani, pungufu yuro mbili.

Jina: Hilkka Kemppainen.
Umri: sabini na minne.
Mtambo: upo, sijaufuta vumbi.
Alama ya wito: hapo hakuandika herufi.
Alichora mstari, nukta, mstari,
na ule wa mwisho aliukandamiza
hadi karatasi ikatoboka.

Masahihisho yapo ukurasa wa nne.
Yuro mbili nimetia mimi.