Mapango ya Telvina

Kijiti chenye pamba, jina kwa wino wa buluu:
Telvina Huerta, miaka sitini na mitatu, pua ya kulia.
Nakiburuta juu ya kisahani
kama mtu apakaye siagi huku amechelewa kazini,
juu ya damu ya kondoo iliyogandishwa ikawa laini.
Hapa Oviedo mvua haijanyamaza tangu Jumapili.

Telvina hutengeneza jibini, huko juu milimani,
ambako pango la chokaa hupumua baridi mwaka mzima
na jibini hulala mbaoni, gizani, miezi,
hadi ukungu wa buluu uiingie mishipani.
Miaka arobaini aliipima kwa pua:
hii bado, hii tayari, hii imenisaliti.
Sasa ni mwaka wa tatu hanusi hata siki.
Vinyama vimemwota ndani, telezi,
kama zabibu zilizomenywa,
vikaziba milango ya mapango yake mengine,
yale madogo nyuma ya mashavu na juu ya nyusi.

Asubuhi nafungua kabati la joto la mwili.
Ndiye.
Vidoto vya dhahabu, kila kimoja na pete angavu,
pale alipokwisha kuila damu.
Stafilokokasi: jina refu kwa mlaji mdogo hivi.

Cha Laureano, mchimba makaa mstaafu, ni kisa kingine.
Wake nimewafungia mtungini pasipo hewa,
maana hao waishio juu ya mzizi wa jino lake bovu
hewa kwao ni sumu.
Siku ya tano nilipofungua kifuniko
wenzangu wawili walitoka bila kuaga.
Mwenyewe alicheka kwenye simu:
“Miaka thelathini chini ya ardhi, nikatoka salama.
Kumbe shimo lilinifuata, likahamia shavuni.”

Na Aurina, mwalimu wa chekechea,
hana vinyama, hana jino bovu,
ni kamasi tu, kamasi tangu Oktoba.
Wake wanadeka: hawaitaki damu mbichi,
wanaitaka iliyopikwa ikawa na rangi ya chokoleti.
Hapo huota kama umande, kijivu,
wapole kwa kuwatazama.

Kwenye fomu ugonjwa ni mmoja,
kisanduku kimoja cha kutia alama.

Usiku wa zamu, kwa upuuzi tu,
nikajichokoa pua yangu mwenyewe.
Kesho yake: dhahabu ileile, pete ileile.
Nami sina hata chafya.
Kikulacho ki nguoni mwako, sawa,
lakini huyu hanili.
Ametandika mkeka, amekaa, kodi halipi,
na siku zinakwenda.

Daktari Quirós anataka mshtakiwa.
Naandika jina. Naandika dawa zinazomuua kisahanini.
Siandiki kwamba kisahanini yuko peke yake, uchi,
bila ule utando wa ute anaojifunika kule ndani
yeye na jirani zake, mgumu kama ganda la jibini.
Fomu haina nafasi hiyo.
Wala siandiki kwamba sijui
nani alitangulia, mgeni au uvimbe.

Alhamisi Telvina akaja kuchukua majibu,
koti linachuruzika, kifurushi kwapani.
Jina la kidudu hakuliuliza.
Akafungua karatasi ya fedha juu ya meza yangu,
akaisogeza jibini chini ya uso wangu.
“Ninusie.”
Nikamwambia mimi si mjuzi.
“Sikukuuliza ujuzi. Sema unachonusa.”
Nikainama. Zizi, nikasema. Jiwe lililolowa.
Na nyuma kabisa, kitu kama sarafu
iliyokaa sana kiganjani.

Akafumba macho.
“Sarafu ya shaba au ya fedha?”
Nikanusa tena, kwa muda, pua yangu na mpangaji wake.
“Shaba.”

“Basi bado wiki mbili,” akasema,
akaifunga.