Mkono Juu ya Gia

Lilifika Chikongola likivutwa kwa kamba ya katani
nyuma ya fuso la korosho:
milango miwili, injini mkiani, pedeli mbili tu.
Zabibu, mwanafunzi wangu, aliinama
akaitafuta ya tatu hadi chini ya zulia.
"Fundi, wameiba klachi."

Hawakuiba. Wajerumani waliificha.
Ukigusa kirungu cha gia, waya unanong'ona,
vali inafunguka, kopo la mvuto linavuta,
klachi inaachia bila mguu.
Ondoa mkono, inashika tena.
Ndivyo inavyopaswa.

"Linaniachia njiani," alisema Nesi Akwilina Nandonde.
"Injini inalia, gari haliendi,
kama mtu anayeitika usingizini."
Nesi mstaafu huelezea gari kama mgonjwa:
lilianza lini, huzidi saa ngapi,
na jana lilikunywa mafuta ya kituo gani.

Tukaanza na fyuzi. Nzima.
Waya wa ati una kutu ya chumvi,
ile ya Mtwara, inayokula hata vitasa vya sandukuni.
Tukaukwangua kwa msasa.
Zabibu akagusa kirungu, mimi sikio kwenye vali:
tk.
Akaachia:
tk.
Hapo hakuna maiti.

Tukapaka povu la sabuni ya mche kwenye mpira wa hewa,
injini ikinguruma taratibu.
Zabibu akasubiri mapovu, kama kwenye tyubu ya baiskeli.
Hayakuja. Povu likapungua, likaisha,
likazama kwenye ufa mwembamba kama unywele.
"Huu hautoi pumzi," nikamwambia. "Huu unameza."
Nikaukata, nikaunga kwa kipande
cha bomba la pampu ya kupulizia salfa mikorosho.

Nikaliendesha hadi Naliendele na kurudi.
Halikuachia hata mara moja.
Nikaandika bili kwa mwandiko wa kujisifu.

Kesho yake, kabla ya saa nne, kamba ileile ya katani.
"Limeniachia. Kilima cha Mikindani."
Nikafungua. Nikafunga. Likaenda.
Keshokutwa, kamba.
Kwangu mimi lilikuwa zima, kwake lilikuwa gonjwa,
na Zabibu akaanza kunitazama
kama mtu anayetafuta fundi mwingine.

Ndipo nikaomba kuketi pembeni yake.

Usukani wa gari hili uko kushoto.
Mkono wake wa kulia haukutoka kwenye gia;
uliikaba kama shingo ya jogoo wa kuchinjwa.
"Nesi, unashikilia nini?"
"Isiruke."

Miaka kumi na tisa aliendesha Landrova ya zahanati,
mteremko wa Newala, usiku, mvua,
nyuma kuna mama mwenye uchungu,
na gia ya pili ikiruka kila korongo ukiiachia.
Mkono wa kushoto ulijifunza.
Miaka yote hiyo, ukaufundisha wa kulia.
"Mmoja alizaliwa kabla hatujafika barabarani," akasema.
"Gia haikuruka."

Nilikosa la kusema. Nikasema la kiufundi:
"Hili ukilishika, linadhani unataka kubadilisha.
Linakuachia kwa heshima."
Akacheka, akauondoa mkono.
Ukabaki hewani juu ya kirungu, vidole vimekunjika,
kisha ukashuka kwenye paja.
Kilima kikapandwa.

Pesa ya mpira sikumrudishia. Ufa ulikuwepo, nauapia.
Zabibu anasema ningerudisha nusu;
tunabishana mpaka leo tukila mihogo.

Jumatatu alipita hapa mbele, mwendo wa harusi,
usukani mkono mmoja.
Wa kulia ameukalia,
kama mtoto aliyekatazwa kugusa.
Ukifika wakati wa gia ya tatu
anauchomoa, anabadilisha,
anaukalia tena.