Tairi la Nyuma

Basi la saa kumi na robo limetoka Inverness
na giza limeshawahi kiti cha mbele.
Desemba huku jua hupiga hodi tu,
haliingii ndani.

Bi Ishbel kakaa nyuma ya dereva.
Mapajani, mfuko wa hospitali:
miwani, saa ya mkono, viatu vya Hector
vimefungwa kamba pamoja
kimoja kisipotee.

Aviemore wakashuka wenye mbao za theluji.
Kingussie, kijana na gitaa lake.
Kisha barabara, na sisi,
na macho ya kulungu yakiwaka ukingoni.

Amri imebandikwa juu ya kioo:
Basi halisimami ila kituoni.
Kituo cha Bi Ishbel kiko maili mbili mbele ya lango lake.

Ruaridh akapunguza mwendo, akawasha taa za hadhari.
"Samahanini. Tairi la nyuma silielewi."
Akamshika mama mkono, wakashuka,
akangoja langoni
hadi dirisha la jikoni likapata mwanga.

Alirudi na theluji mabegani.
Tairi hakulitazama.
Tuliokaa upande ule tukamuuliza,
"Lina upepo?"
"Unatosha," akasema, "kutufikisha Perth."