Bila Kamusi

Sifongo alitolewa chini ya barafu ya Baikal
mwezi Machi, mita kumi na mbili.
Mzamiaji Bair alichomoza tunduni akitetemeka,
akasema tu: "Huyu naye ameoza."
Ukijani umemtoka, amekuwa wa waridi kama ufizi.

Mashine kule Irkutsk ilimsoma,
ikatapika mistari milioni mia mbili na kumi,
herufi nne tu, A na C na G na T,
kila mstari kipande; hakuna ukurasa, hakuna jalada.

"Mlinganishe na yule wa bahari ya joto,"
alisema Profesa Kolobov,
"ndiye ndugu yake aliyekwisha kuandikwa."
Sesegma akalinganisha.
Asilimia themanini na nane haikushika popote.
Programu ikaiita taka.

Taka ya nani? Ukipima mguu kwa kiatu cha jirani
usiseme mguu umekosea.

Basi akakifunga kitabu cha jirani.
Akakata kila mstari maneno ya herufi thelathini na moja,
anasogea herufi moja, anakata, anasogea

(ni kama ulitwae neno *walipotea*
ulikate herufi nne nne:
wali, alip, lipo, ipot, pote, otea.
Tazama, chakula kimeingia, jambo lipo,
mahali ni pote, na kuna anayekuotea gizani.
Hakuna kipande kilichokuambia kuwa wamepotea.
Ila mkia wa kila kimoja ndio kichwa cha kinachofuata;
ushike mkia, utawapata)

na akahesabu. Kuhesabu tu, kama karani wa ghala
asiyejua bidhaa lakini anayajua magunia.
Neno lililotajwa mara moja: mashine imeteleza ulimi.
Lililotajwa mara arobaini: mwenye mwili alikusudia.
Wazima akawaweka kulia, wagonjwa kushoto,
akatoa ya hawa katika ya hawa.

Usiku wa tatu, seva inanguruma kama jokofu la zamani,
chai ya maziwa imeshika utando,
yakabaki maneno elfu nne mia moja na kumi na mawili.
Wagonjwa wote wanayo. Mzima hata mmoja hana.

Mkia kwa kichwa, mkia kwa kichwa,
ukatoka uzi mmoja usiokatika,
herufi elfu nne mia moja arobaini na mbili.
Wa sifongo? Wa mwani aishiye ndani yake? Wa mgeni?
Akauliza hazina zote alizozijua.
Zote zilijibu sufuri.

Mama alipiga simu kutoka Ust-Orda.
"Umepata nini?"
"Neno."
"Maana yake?"
"Bado."
Sufuria ikasikika, kifuniko, maji.
"Sasa linasemwa na nani?"
"Na wote wanaokufa."

Akahifadhi faili.
Mahali pa jina aliandika tarehe.